Mama Mkwe Ndani ya Simu Yangu

Saa kumi na mbili na dakika arobaini na saba asubuhi simu yangu ililia mlio mfupi wa ujumbe, nikaufungua kwa kidole gumba, mkono wa pili ukiwa na mkate. Sina shaka na saa hiyo: ilikuwa imeandikwa pembeni mwa ujumbe kwa tarakimu ndogo za kijivu, na mimi husoma hata tarakimu ndogo za kijivu. Kazi yangu ni kusuka upya mota zilizoungua, za pampu, za vinu vya mahindi, za chochote kinachozunguka. Hakuna aliyenifundisha. Nilijifunza kwenye vitabu vilivyopoteza majalada yake, na mtu aliyejifunza hivyo huanza mstari wa kwanza wala haruki kitu, kwa sababu mstari alioruka ndio utakaounguza mota.

Mstari wa kwanza, kwa Kifaransa, ulisema: Habari za asubuhi, Bibi, majibu yako yako tayari. Nikadhani wamekosea namba. Wa pili ulikuwa jina kamili la mama mkwe wangu. Mtu mwenye busara angesimama hapo. Mimi nilikuwa nimeshafika wa tano, na wa tano haukuwa mstari, ulikuwa picha ya ekografi, ile inayoonyesha ndani ya mwili, rangi ya majivu, na juu yake mshale mdogo ukionyesha mahali.

Niligeuza simu kifudifudi mezani, nikaweka sahani ya mkate juu yake.

"Ni nini?" mke wangu akauliza. Alikuwa uani, akichochea makaa ya mbabula ili chai ichemke, maana umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake.

"Mama yako iko mu telefone yangu."

"Anapiga?"

"Hapigi. Iko ndani."

Alikuja akifuta mikono kwenye nguo, akanyanyua sahani, akatazama, akairudisha sahani palepale.

"Yesu," akasema. "Uliona?"

"Niliona mushale."

"Mushale tu?"

"Mushale na kile kintu mushale inaonyesha."

Akakaa kwenye kiti, na chai ikachemka ikamwagika.

Ni lazima nieleze, kwa ajili ya wale ambao wakwe zao huwakumbatia mlangoni. Familia ya mke wangu ilitoka Kasai. Babu yake alikuja huku kwa kazi ya reli, baba yake naye akawa mtu wa reli, na nyumba ya Makomeno ambamo mama yake anaishi ndiyo aliyoachiwa na marehemu. Mimi ni mtoto wa hapahapa, na kwetu pia mkwe huheshimiwa, lakini sisi tunaheshimu kama mtu anayepunguza mwendo mbele ya kanisa. Wao husimama kabisa na kuvua kofia. Katika miaka yote ya ndoa yetu sijampa mama mkwe mkono. Sijala naye meza moja. Akipita, mimi hutazama ukuta. Nikija kumsalimia nakaa barazani na yeye anakaa ndani, nyuma ya pazia la mlango, na akiwa na neno kwangu huliambia pazia, au binti yake, au paka. Huo si uadui hata kidogo. Hunipikia sombe ya majani ya muhogo na karanga, tamu kuliko anayowapikia wanawe, na mwaka nilipolazwa kwa malaria alikuja kila siku mpaka lango la hospitali, akasimama, akauliza, akarudi. Lakini mama wa mke wako ndiye mlango ambao mke wako alipitia kuja duniani, na mlango huo mkwe hautazami. Mshale ule, kwa usahihi wa mashine, ulikuwa unaonyesha hapohapo.

Sitaitaja sehemu yenyewe. Msomaji akiikisia vibaya hakuna kitakachoharibika.

Namba yangu ilifikaje huko? Kwa miezi kadhaa mama mkwe alikuwa akitokwa na damu katika umri ambao mambo hayo huwa yamekwisha. Alikonda. Alianza kupumzika katikati ya ngazi za baraza lake, na ngazi zenyewe ni tatu. Mke wangu alimbembeleza mpaka akakubali kwenda kupimwa katika hospitali moja ya mjini, nami nikawasindikiza, nikakaa mwisho kabisa wa ukumbi nikitazama matangazo ya chanjo. Hospitali hiyo ilikuwa imeachana na fishi za karatasi, zile kadi za wagonjwa. Mhudumu wa mapokezi aliingiza kila kitu kwenye kompyuta, kisha akaomba namba ya simu inayopokea picha. Mama mkwe ana simu ya vibonyezo yenye tochi. Ya mke wangu ilikuwa imetumbukia kwenye beseni la nguo na haijafufuka. Basi mke wangu akataja yangu, kwa sauti kubwa. Niliisikia kutoka mwisho wa ukumbi, na nakumbuka nilifurahi kwamba ameikariri.

Wala sikuwa mpinzani wa mashine. Zamani baba yangu alipigwa picha ya kifua, na ile tuliyopewa ilionyesha mbavu za mtu aliyewahi kuvunjika bega, jambo ambalo halikuwahi kumpata baba. Fishi zilikuwa zinaliwa na mchwa, zinafungiwa karanga, zinabaki kwa daktari aliyehamia Kolwezi. Niliposikia kwamba sasa majibu ya mgonjwa yanakaa mahali pamoja na yanamfuata mwenyewe nyumbani, nilisema: hatimaye. Kosa ambalo sikuliona ni dogo, na nadhani aliyeitengeneza mashine hakuliona pia, kwa kuwa huko kwao pengine si kosa. Mashine ilidhani simu ni mtu. Kwetu simu ni kama ndoo: iko nyumbani, anayeihitaji anaichukua.

Mke wangu anafundisha shule ya msingi na Kifaransa chake ni kizuri kuliko changu, lakini Kifaransa cha madaktari ni lugha nyingine. Mwenye kamusi ya tiba nyumbani ni mimi. Niliinunua kando ya barabara kwa sababu ilikuwa nene na ya bei nafuu. Asubuhi ile alichelewa shuleni kwa ajili hiyo. Tulifunika picha kwa kipande cha karatasi na kukibandika kwa utepe wa umeme, yeye akashika simu, mimi nikashika kamusi na kumpa mgongo.

"Tuseme ni muntu mwingine," akasema.

"Nani?"

"Mwanamuke moja. Wa kule Likasi."

"Iko na miaka ngapi?"

"Ile haiko kazi yako."

Akasoma neno moja moja, mimi nikatafuta. Mwanamke wa Likasi alikuwa na uvimbe wa ukubwa wa chungwa. Kingo zake zilikuwa safi, kwa hiyo daktari hakuufikiria kuwa wa ule ugonjwa mbaya, ila alitaka uondolewe upimwe. Damu ya mwanamke huyo ilikuwa imepungua mno na haikufaa kungoja. Aache aspirini aliyokuwa anameza kwa ajili ya magoti. Alikuwa amewekewa nafasi ya upasuaji siku ya Ijumaa ya juma lililofuata, na kila siku atatumiwa maswali ya kujibu. Asipojibu, nafasi itatolewa kwa mwingine, na inayofuata iko mwezi ujao.

"Sasa, anaweza kungojea mwezi ujao?" mke wangu akauliza.

Nilisoma tena mstari wa damu. "Huyu wa Likasi? Hapana. Hata juma mbili ni mingi."

Alilia kidogo, bila sauti, kisha akajicheka kwa kumlilia mtu wa Likasi, akaenda kazini.

Alasiri alipita Makomeno. Alirudi akiwa amevua viatu na kuvishika mkononi, na kwake hiyo ni dalili mbaya.

"Mama banasema nini?" nikamuuliza, kwa wingi wa heshima.

"Balisikia yote. Chungwa, damu, Ijumaa. Balisikia muzuri kabisa. Kisha baliuliza neno moja tu: nani alikufasiria ile Kifaransa ya munganga?"

"Na wewe ulijibu nini?"

"Mi nitajibu nini? Bamama banajuaka uso yangu tangu nazaliwa."

Kisha mama mkwe alikuwa amesema kwamba kama mkwe wake ameona kile ambacho marehemu mume wake hakukiona miaka yote, daktari anatafuta nini tena? Hatakwenda. Hatalala kwenye kitanda cha hospitali akijua kwamba tumbo lake linatembea Naviundu, mtaa wetu, kwenye mfuko wa suruali. Wakirudisha picha kwenye karatasi, na karatasi kwenye bahasha, na bahasha ikagundishwa, ataweza kufikiri.

"Nilibaambia, Mama, kintu iko sawa na chungwa!" mke wangu akasema. "Bakanijibu: hata ikiwa papai, ni yangu."

Kesho yake niliacha kinu cha watu kimefunguliwa mezani nikaenda hospitalini kubadilisha namba. Mhudumu wa mapokezi alikuwa mwanamke mwenye miwani na vidole vya haraka.

"Dossier ya mugonjwa nani, Papa?"

"Ya mama mukwe."

"Numero iko ya nani?"

"Yangu."

"Basi iko bien, iko muzuri."

"Haiko bien, Mama. Mimi ni mukwe. Ile picha ilifika kwangu."

Akavua miwani. "Aah! Papa! Uliona?"

Niligundua siku ile kwamba hakuna mtu atakayeniuliza swali lingine.

Alitaka kunisaidia, hilo nalithibitisha. Aligeuza kioo cha kompyuta nikione. Ili kubadilisha namba, mgonjwa mwenyewe lazima aje, na mashine itatuma kode, yaani namba ya siri, kwenye namba ya zamani.

"Yaani kode itafika kwangu."

"Ndiyo."

"Ili nisipokee tena."

"Voilà. Muntu moja, telefone moja. Njo vile ilitengenezwa."

Nikamwomba aandike angalau kwamba namba hii ni ya mkwe. Tulitafuta pamoja. Kulikuwa na nafasi ya kundi la damu, ya mzio, ya dini, ya mtu wa kuarifiwa mgonjwa akizidiwa. Ya ukwe haikuwepo. "Leta mama tu," akasema, "nitamufanyia mbele ya bote." Nikamshukuru. Mama ndiye huyo aliyeapa hatoki.

Maswali yalikuwa yameshaanza, na yalikuja kila asubuhi. Bibi, je, leo umetokwa na damu? Bonyeza 1 kwa ndiyo, 2 kwa hapana. Bibi, je, nguo unazotumia zimeloa zaidi ya jana? Nilikuwa nayapokea karakanani, mikono imejaa vanishi ya waya. Moja lilikuja wakati mwenye kinu ameinama begani kwangu akitazama mota yake.

"Patron, unaumwa?"

"Haiko mimi."

"Inasema Bibi."

"Inakosea."

"Mashine haikoseake," akasema, akasogea hatua moja nyuma.

Sikujibu hata swali moja. Ningeweza kubahatisha, na mke wangu alinishauri nibonyeze chochote ili nafasi isipotee. Lakini daktari angesoma jibu langu akidhani ni la mgonjwa, na kutokana nalo angepima dawa. Waya ukiusuka kwa kubahatisha, mota huzunguka siku moja kisha inawaka. Na kumuuliza mama mkwe maswali yale, hata kupitia binti yake, haikuwezekana kwa kuwa hakutaka kusikia habari ya simu hiyo tena. Jumanne ujumbe ulikuwa mfupi: Bibi, hatujapata jibu lako. Usipojibu leo, nafasi yako ya Ijumaa itapewa mgonjwa mwingine.

Nilifunga karakana mchana, nikampitia mke wangu shuleni, tukaenda Makomeno.

Nilikaa barazani kwenye kiti changu cha siku zote. Mke wangu alisimama kizingitini, bega moja nje, bega moja ndani. Sauti ikatoka nyuma ya pazia.

"Yule wa macho marefu alikuja?"

"Nilikuja, Mama," nikauambia ukuta.

"Mumuulize kama alikuja na telefone yake."

"Iko mu mufuko. Niliizima."

"Kumbe inazimikaka! Mi nilifikiri iko inanitembeza mu soko yote."

Mke wangu alitaka kucheka nikamkataza kwa jicho. Njiani nilikuwa nimepanga la kusema, na sikupanga kuomba radhi, kwa maana radhi alikuwa ameshapelekewa mara nyingi na binti yake wala haikufungua kitu. Nilikuwa nimefikiri namna nyingine. Mila yao sikukulia ndani yake, sijui vifungu vyake vyote. Lakini sakiti yoyote iliyopangwa vizuri ina fyuzi: kitu cha bei ndogo kinachoungua ili kikubwa kisiungue. Watu wa Kasai wameishi na wakwe miaka mingi katika nyumba ndogo, na mvua, na mapazia ya kuazima. Haiwezekani mimi ndiye wa kwanza kuona.

"Mama," nikasema, "kwenu jicho la mukwe likikosea, linaoshwa na nini?"

Jikoni sufuria ilitokota. Mke wangu aliniangalia kana kwamba nimeongea Kichina.

"Nani alimuambia?" sauti ikauliza.

"Hakuna," mke wangu akasema. "Anaulizaka tu. Iko vile hata ku nyumba."

"Linaoshwa na kuku," sauti ikasema, polepole. "Kuku mweupe. Haiko ule wa madoadoa."

"Nitaleta."

"Sijamaliza. Kuku inaosha macho. Maneno uliyosoma, inaoshwa na nini?"

"Sikusoma, Mama. Alisoma mutoto wenu."

"Ulifasiria."

"Nilifasiria ya mwanamuke wa Likasi."

"Ya nani?"

Mke wangu akaeleza, kwa sauti ya chini, habari ya mwanamke wa Likasi, kamusi, na mgongo niliompa. Nyuma ya pazia kukatoka kishindo cha kifua ambacho kilijaribu kuwa kikohozi bila kufaulu.

"Basi, huyo wa Likasi naye anataka kikwembe," akasema, yaani kitenge. "Kikwembe ya kweli. Haiko ile inatoka rangi mu maji ya kwanza."

Alikuwa ameuza samaki wakavu sokoni miaka mingi, akisomesha watoto kwa samaki hao, na nilisikia kwamba sauti ya biashara imemrudia. Nikaona niulize lililobaki sasa hivi, kabla bei haijafungwa.

"Na maneno ya kesho, Mama? Mashine inauliza kila asubuhi."

"Inauliza nini?"

Mke wangu akaingia ndani akamnong'oneza. Nilitazama ukuta kwa bidii zote.

"Yesu! Inamuuliza *yeye*?"

"Kila siku."

"Na anajibu nini?"

"Hajibu kintu. Njo maana banataka kukamata nafasi yenu. Leo njo mwisho."

Nikasikia akisogeza kiti karibu na pazia. Nadhani mpaka hapo alikuwa ananifikiria kama mtu anayetazama. Alikuwa hajanifikiria kama mtu anayenyamaza kwa ajili yake, na kwamba kunyamaza huko kunaelekea kumgharimu Ijumaa yake.

"Kuku moja," akasema hatimaye. "Kikwembe moja. Inaosha mpaka mwisho wa ugonjwa. Sitaomba kuku kila asubuhi, mi sitaki kuwa na ferme ya kuku hapa."

Tulikwenda sokoni jua lingali juu. Kuku weupe wote walikuwa na unyoya mmoja wa kijivu mahali fulani. Nilimkagua wa nne kabla ya kuridhika, na muuzaji akauliza kama namwoa. Kikwembe nilikijaribu kwa mate na kidole. Tuliporudi, kuku akaingizwa nyuma ya pazia akilalamika. Nikasikia maji yakimiminwa kwenye beseni, maneno machache ya Kiluba, na kuku kunyamaza ghafla kama aliyepewa habari. Sitajifanya najua kilichotendeka.

"Macho yameoshwa," sauti ikasema. "Sasa asome. Yote, tangu mwanzo. Na asinong'one, kuku haikulipwa juu ya kunong'ona."

Niliwasha simu. Nikasoma kwa sauti, nikifasiri mstari kwa mstari, na kwa mara ya kwanza mama mkwe wangu akasikia habari ya mwili wake mwenyewe bila mtu kumfupishia. Alinisimamisha mara nyingi, kupitia binti yake. Aulizwe, chungwa la hapa au la kuletwa? Aulizwe, damu imepungua mpaka wapi, na ya muntu mzima inapaswa kuwa wapi? Hapo nilikuwa na tarakimu zote mbili, nikazisoma. "Eeh," akasema. "Kumbe haiko uvivu." Kisha, baada ya kitambo: "Miezi yote nilifikiri ni uvivu."

Yakafika maswali ya mashine. Kuku alikuwa ameosha macho, si kinywa: mambo yale hakuweza kumjibu mkwe kwa mdomo, hata kupitia pazia. Mke wangu akapendekeza amnong'oneze yeye. Mama akakataa, akasema yeye si mtoto anayeungama dhambi. Badala yake akachukua mwiko wa bukari, ugali wetu, akagonga kwenye mbao za mlango, mara moja.

"Hiyo ni nini?" nikauliza.

"Hiyo ni ndiyo. Mbili ni hapana. Endelea."

Nikaendelea. Bibi, je, leo umetokwa na damu? Ko. Bibi, je, unasikia kizunguzungu? Ko. Bibi, je, umeacha aspirini? Ko, ko, na mke wangu akasema "Mama!" kwa ukali, na sauti ikasema magoti hayakuomba ruhusa. Kila jibu nilibonyeza, na mashine ikashukuru, na jirani akachungulia kuona nani anajenga.

Swali la mwisho halikuwa la moja au mbili. Bibi, kati ya sifuri na kumi, maumivu yako leo ni mangapi? Nikalifasiri, nikaeleza kwamba kumi ndiyo maumivu makubwa kabisa aliyowahi kuyajua, na sifuri ni kutokuwa nayo. Miezi yote hiyo, binti yake alipomuuliza, alikuwa akijibu kwamba inauma kidogo tu, kama njaa.

Mwiko ukagonga. Moja. Mbili. Ukasita. Tatu, nne, tano. Nilidhani amemaliza, kidole changu kikawa juu ya namba. Sita. Saba. Halafu mwiko ukawekwa chini, tukausikia ukiwekwa.

Mke wangu alipita pazia akaingia ndani. Nilibonyeza saba. Asante, Bibi, ikajibu mashine. Nafasi yako ya Ijumaa imethibitishwa. Ikaleta kode ya kuonyesha mapokezi, nikaiandika kwa kalamu kwenye kiganja cha mkono, nikabaki barazani nikisikiliza wanawake wawili wakizungumza Kiluba kwa sauti ya chini. Sikuelewa, na sikujaribu.

Ijumaa nilikaa tena mwisho wa ukumbi. Mama mkwe alikuwa ameongezwa damu chupa mbili tangu jana yake. Kabla daktari hajatoka, kabla mke wangu hajaambiwa lolote, simu ilitetemeka: Bibi, upasuaji wako umekamilika vizuri. Pumzika. Nilitembea ukumbi mzima kumwonyesha. Mhudumu mwenye miwani alituona akapiga makofi kimyakimya. Majibu ya uvimbe yalikuja baada ya majuma mawili, nikayasomea pazia la Makomeno: si ule mbaya. Nilifasiri mara mbili kwa sababu mara ya kwanza aliomba nirudie, na ya pili, nadhani, alitaka tu kusikia.

Tulimwambia sasa anaweza kwenda kubadilisha namba, tumnunulie simu yake mwenyewe inayopokea picha. Alikataa. Simu hiyo nani atamfasiria? Ameshalipiwa kuku, hawezi kuanza upya na mtu mwingine. Mpaka leo mashine huniita Bibi, hunikumbusha vidonge vya chuma, na kila mwezi huniuliza kama nimepata nguvu. Mimi hupeleka swali Makomeno na kurudi na jibu la mwiko. Juzi liligongwa kwa nguvu hata chokaa ikadondoka.

Yule kuku hakuliwa mara moja. Mama mkwe alisema faini hailiwi na mtu mwenye kidonda kibichi, akamfuga uani mpaka nyuzi zikatoka na akaweza kupanda ngazi za baraza bila kusimama. Siku hiyo akatuma habari kwamba anampika Jumapili, na kwamba faini haipikwi kavu: mkwe alete mafuta, nyanya na vitunguu. Nilipeleka. Nilipewa paja na shingo, barazani. Kuku alikuwa faranga elfu thelathini, kikwembe elfu arobaini na tano, vya kupikia elfu nane. Kwa jumla zilinitoka faranga elfu themanini na tatu.